"Ni wasiwasi tu": uchambuzi wa kisa cha mgonjwa wa mapafu aliyepungukiwa pumzi na kuzidiwa na hofu

Kisa kinachochambuliwa hapa si cha mtu mmoja aliyewahi kulazwa mahali fulani. Nimekiunda kwa kuunganisha mambo yanayojirudia kwa wagonjwa wengi wenye ugonjwa sugu wa mapafu unaoziba njia za hewa, ambao wataalamu huutaja kwa kifupi COPD, na vipimo vyote vya mgonjwa vitakavyotajwa ni vya kisa hiki tu. Nimekieleza kama cha mtu mmoja kwa sababu makosa yanayotendeka katika hali hii huonekana vizuri zaidi yakifuatwa siku kwa siku. Kosa lililo kubwa kuliko yote, yaani kuuliza kama tatizo liko mapafuni au liko kichwani, halifanywi na mtu mmoja, bali hupokezanwa na kila anayemhudumia mgonjwa, naye mgonjwa mwenyewe akiwamo.

Ziara tatu za usiku

Mgonjwa ni mwanamume wa miaka 66, seremala mstaafu ambaye alivuta sigara kwa zaidi ya miaka 30 na kuvuta vumbi la mbao kwa muda mrefu kuliko huo, akaacha sigara miaka 6 kabla ya matukio haya. Ugonjwa wake ulithibitishwa kwa spirometa, kifaa cha kupima hewa ya mapafu: baada ya kupewa dawa ya kutanua mirija ya hewa, hewa aliyoweza kuitoa katika sekunde ya kwanza ilikuwa sehemu 0.48 ya hewa yote aliyoitoa, ilhali kinachotambulisha ugonjwa huu ni kuwa chini ya 0.70, na kiasi hicho cha sekunde ya kwanza kilikuwa asilimia 42 ya kile kinachotarajiwa kwa mtu wa umri na kimo chake. Katika kipimo cha kupungukiwa pumzi chenye ngazi 0 hadi 4 alikuwa ngazi ya 3, yaani hulazimika kusimama apumzike baada ya kutembea mita 100 hivi kwenye ardhi tambarare. Anaishi na binti yake.

Katika muda wa wiki 6 alifikishwa idara ya dharura mara 3, kila mara usiku au alfajiri, na kila mara akiwa katika hali ileile. Alikuwa ameketi wima huku ameshikilia kingo za kiti, anahema mara 32 hadi 36 kwa dakika, mapigo ya moyo yamepita 115, jasho linamtoka, na hawezi kusema zaidi ya maneno mawili matatu kwa pumzi moja: "Nakufa. Sina hewa." Kipimo cha kidoleni kilionyesha oksijeni asilimia 93 au 94, kiwango ambacho kwa mgonjwa wa aina yake ni kizuri. Hakuwa na homa, makohozi hayakuwa yameongezeka wala kubadilika rangi, eksirei haikuonyesha nimonia wala hewa iliyovuja nje ya pafu, na kipimo cha umeme wa moyo kilionyesha mapigo ya kasi bila kasoro nyingine. Mara mbili za kwanza alipewa mvuke wa salbutamol, dawa ya kutanua mirija ya hewa kwa haraka, oksijeni, na vidonge vya siku 5 vya prednisolone, dawa ya kundi la steroidi, akatulia ndani ya saa moja, akarudishwa nyumbani. Mara ya tatu daktari wa zamu, akiwa amesoma kumbukumbu za ziara zilizotangulia, alimwambia binti wa mgonjwa wakiwa mlangoni: "Mapafu ya mzee hayajabadilika. Ni wasiwasi tu." Mzee akaandikiwa diazepam, dawa ya kutuliza inayoleta usingizi, miligramu 5 kila usiku.

Kauli hiyo haikutoka kwa mzembe. Daktari alikuwa ametafuta yale yanayopaswa kutafutwa kwanza, na alikuwa na haki ya kusema kwamba usiku ule hakukuwa na maambukizi wala pafu lililotoboka. Ningemwongezea swali la damu iliyoganda mapafuni na la moyo kushindwa kusukuma damu, kwa kuwa yote mawili hujificha vizuri nyuma ya kifua cha mgonjwa wa COPD, lakini hapo sina lawama kubwa kwake. Lawama yangu iko kwenye neno la mwisho. Neno "tu" ni fupi, na lilifanya kazi tatu kwa mpigo: lilimfanya mzee ajione ameshtakiwa kwa woga, lilimfundisha binti yake kwamba baba akihema hivyo tena haina haja ya kukimbilia hospitali, na lilifunga uchunguzi mahali ambapo ulipaswa kuanzia, kwa sababu hakuna aliyeuliza wasiwasi huo unatoka wapi na unafanya nini kwa mapafu yaliyokwisha kuharibika.

Siku alipotulia

Wiki 3 baadaye kikohozi kiliongezeka, na makohozi yaliyokuwa meupe yakageuka kijani na kuwa mazito. Mzee hakutaka kwenda hospitali. Alieleza baadaye, kwa sauti ya mtu anayekiri kosa, kwamba hakutaka kuambiwa tena mbele ya mwanawe kuwa anaogopa. Binti yake alipoona anahema alimwongezea kidonge kimoja cha diazepam mchana, kwa nia njema kabisa, kwani ndiyo dawa iliyotolewa kwa ajili ya kuhema. Siku ya 4 asubuhi alimkuta ametulia, anapumua mara 20 tu kwa dakika, ana usingizi, na anataja siku ya wiki isiyo yenyewe. Utulivu huo ndio uliomtisha, na alikuwa sahihi kutishika. Oksijeni ilikuwa asilimia 81, na damu ya mshipa wa ateri ilionyesha kabonidioksidi ya milimita 62 za zebaki na pH, yaani kipimo cha asidi ya damu, ya 7.31, maana yake misuli ya kupumua ilikuwa imechoka, hewa chafu ilikuwa inajikusanya mwilini, na dawa ya usingizi ilikuwa imeongeza uzito juu ya mzigo uliokwisha kumshinda.

Alipewa oksijeni kwa kipimo, lengo likiwa asilimia 88 hadi 92 na si zaidi, kwa kuwa oksijeni nyingi kwa mgonjwa wa namna hii huweza kuongeza kabonidioksidi, pamoja na antibiotiki, steroidi, na mashine ya kusaidia kupumua kwa barakoa. Barakoa ile nusura iharibu kila kitu. Mtu anayeamini kwamba anakufa kwa kukosa hewa anafunikwa pua na mdomo kwa plastiki inayobana, kisha anasukumiwa upepo usoni, wachache wasingeing'oa. Muuguzi wa zamu hakufunga mikanda. Alimpa mzee aishike barakoa mwenyewe, aiguse usoni kwa pumzi mbili tatu na kuitoa, aiguse tena, na mikanda ilifungwa tu baada ya mzee kuona kwamba anaweza kuitoa anapotaka. Ilichukua dakika 20. Nimeitaja hatua hiyo kwa sababu ndiyo mara ya kwanza katika kisa hiki ambapo mtu alitibu mapafu na hofu kwa tendo lilelile moja.

Jinsi hofu inavyojaza kifua

Ili kuelewa kwa nini swali la "mapafu au kichwa" halifai, ni lazima kuangalia jinsi pumzi inavyotoka katika COPD. Mirija midogo ya hewa imekuwa myembamba, na vifuko vya hewa vimepoteza mnyumbuko wake, kwa hiyo kuingiza hewa si kazi ngumu kama kuitoa. Hewa inatoka polepole, kama maji katika chupa ya shingo nyembamba iliyopinduliwa. Mtu anayepumua mara 15 kwa dakika ana sekunde 4 kwa kila pumzi, na akitumia theluthi moja kuvuta, anabakiwa na sekunde 2.7 hivi za kutoa. Akipandisha kasi hadi mara 30, kila pumzi ina sekunde 2, na muda wa kutoa unashuka hadi sekunde 1.3. Kwa mapafu mazima muda huo unatosha. Kwa mapafu ya mzee huyu hautoshi hata kidogo, hivyo kabla hewa ya pumzi ya kwanza haijaisha kutoka, ya pili imeshaingia juu yake, na ya tatu juu ya hiyo.

Baada ya dakika moja au mbili kifua kimejaa hewa iliyokwama. Kiwambo, ule msuli mkubwa ulio chini ya mapafu ambao kwa kawaida huwa na umbo la kuba, kinasukumwa chini na kuwa bapa, na msuli ulio bapa hauna nguvu ya kuvuta. Nafasi iliyobaki ya kuingiza hewa mpya inakuwa ndogo, na mgonjwa anahisi, kwa haki kabisa, kwamba anavuta na hakuna kinachoingia. Hisia hiyo ndiyo anayoiita "sina hewa", ingawa ukweli ni kinyume chake: ana hewa nyingi mno isiyoweza kutoka. Ndiyo sababu pia kipimo cha kidoleni kinaweza kusoma 94 huku mtu anapigania roho yake. Kipimo hicho kinahesabu oksijeni iliyomo kwenye damu. Hakihesabu jasho la misuli inayovuta kifua kilichojaa, na jasho hilo ndilo ubongo unalolisoma kama hatari.

Hapo hofu inaingia. Kupungukiwa pumzi, kama yalivyo maumivu, kuna pande mbili, yaani ukali wake na jinsi kunavyochukiza, na upande wa pili unategemea sana yale ambayo ubongo unayatarajia. Mtu aliyewahi kukosa pumzi akadhani anakufa huchunguza kila mabadiliko madogo ya kifua chake. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mshtuko unaleta adrenalini, adrenalini inaongeza kasi ya kuhema, kasi inafupisha muda wa kutoa, hewa inakwama, pumzi inabana, na mshtuko unapata ushahidi wa kwamba ulikuwa na haki. Gurudumu hili linaweza kuanza kuzunguka kutokea upande wowote. Linaweza kuanzishwa na ngazi za nyumba, na linaweza kuanzishwa na wazo. Likishaanza, mtu aliye nje hawezi kujua lilianzia wapi, na kwa mgonjwa aliyemo ndani yake haina tofauti.

Kliniki, baada ya kuruhusiwa kutoka wodini, tulimwonyesha mzee jambo hili kwa macho yake, akiwa ameketi salama na kipimo kikiwa kidoleni. Aliombwa apumue kawaida, kisha apime kwa spirometa ni hewa kiasi gani anaweza kuvuta hadi mwisho: lita 1.9. Akaombwa apumue kwa kasi huku akihesabiwa kwa sekunde 20, kisha apime tena: lita 1.5. Oksijeni ilibaki 94. Alikaa kimya, halafu akasema, "Kumbe si kwamba nimechanganyikiwa." Sifikirii kwamba kuna kidonge kingemfaa kuliko sekunde zile 20, ingawa si jaribio la kumfanyia mgonjwa yeyote popote bila mtaalamu kuwa karibu.

Pampu nne na mlango wa bafu

Historia iliyokosekana kwa ziara tatu ilipatikana kwa saa moja ya maswali. Zaidi ya mwaka mmoja nyuma mzee alikuwa anaoga maji ya moto, mlango umefungwa kwa komeo, bafu limejaa mvuke. Aliinama kuokota kitu, pumzi ikambana, akajaribu kufungua komeo kwa mikono yenye sabuni na ikateleza. Ilichukua labda dakika moja kufungua. Tangu siku hiyo alioga mlango ukiwa wazi na binti yake akisubiri nje, kisha akaacha kuoga mwili wote kwa siku kadhaa mfululizo, kisha akaacha kupanda ghorofani, kisha akaacha kutoka nyumbani kama hana pampu mbili za kuvuta dawa mifukoni. Kila alichokiacha kilimpa nafuu ya siku hiyo na kudhoofisha miguu yake ya mwezi uliofuata, na miguu dhaifu huomba hewa nyingi zaidi kwa kazi ileile, hivyo hata hatua chache zilianza kumfanya aheme.

Pampu za salbutamol zilikuwa nne, kila chumba na yake. Alikuwa anavuta mara 20 hadi 30 kwa siku, na alipoombwa aonyeshe jinsi anavyovuta, aliibonyeza kabla ya kuanza kuvuta, dawa nyingi ikaishia kwenye ulimi. Iliyobaki ilitosha kumletea madhara yake, ambayo ni moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka na mwili kukosa utulivu. Ukiyasoma tena, ndiyo dalili zilezile za hofu. Dawa aliyokuwa anaikimbilia kujiokoa na shambulio ilikuwa inamwandalia shambulio lingine. Prednisolone aliyopewa mara mbili nayo hunyima watu usingizi na kuwavuruga nafsi, jambo ambalo si kosa anapoihitaji, lakini mara zile mbili hakuihitaji.

Ili kupima wasiwasi wenyewe tulitumia dodoso la GAD-7, lililochapishwa mwaka 2006, ambalo alama zake huanzia 0 hadi 21 na ambalo kuanzia alama 10 hudai uchunguzi zaidi. Alipata 15. Dodoso la HADS la mwaka 1983, linalopima wasiwasi na sonona (ugonjwa wa huzuni), lingefaa pia, kwa kuwa waliolitunga waliacha kwa makusudi maswali ya dalili za mwili, na kwa mgonjwa ambaye moyo wake unaenda mbio kwa sababu kumi hilo si jambo dogo. Damu, tezi ya shingo na moyo vilichunguzwa na havikuwa na tatizo lenye kueleza hali yake. Maswali ya huzuni na ya kukata tamaa yaliulizwa waziwazi, pamoja na swali la kama amewahi kufikiri kujitoa uhai. Alijibu kwamba hataki kufa, na kwamba hilo ndilo tatizo lake lote.

Kutoa kabla ya kuvuta

Matibabu yalianza na mambo ya kawaida ambayo hayana mvuto wa kuyaandika: dawa mbili za kutanua mirija zinazofanya kazi saa nyingi ziliwekwa katika pampu moja ya kila siku, alifundishwa kutumia spesa, chombo kinachounganishwa na pampu ili dawa ifike mapafuni badala ya kuishia mdomoni, pampu za salbutamol zikapunguzwa hadi moja ya kutembea nayo na moja ya kando ya kitanda, na diazepam ikapunguzwa hatua kwa hatua hadi kuachwa. Kuhusu dawa za kundi hilo, mapitio ya mwaka 2016 ya Cochrane, mtandao wa watafiti unaokusanya na kupima matokeo ya tafiti za tiba, hayakupata ushahidi kwamba hupunguza kupungukiwa pumzi kwa wagonjwa wa COPD au wa saratani, na hatari yake mzee alikuwa ameshaionja.

Jambo lililobadilisha nyumba yao lilikuwa kitenzi. Kila shambulio lilipoanza, binti yake alikuwa akimshika mabega na kumwambia, "Baba, vuta pumzi! Vuta pumzi ndefu!" Ndilo neno ambalo karibu kila mtu hulisema, nami nimelisikia hata kutoka kwa watumishi wa afya. Kwa kifua kilichojaa ni sawa na kumsihi mtu aendelee kumimina maji kwenye mtungi unaofurika. Alifundishwa kusema "Baba, toa," kisha kunyamaza. Mzee naye alifundishwa kuketi akiinama mbele, viwiko vikiegemea mapaja, mkao unaosaidia kiwambo kurudia umbo lake na kuiachia kazi misuli ya mabega. Kisha atoe pumzi kupitia midomo iliyobana kidogo, kama anayepoza kitu cha moto, bila kusukuma kwa nguvu, kwa muda wa takriban mara mbili ya ule wa kuvuta. Kuvuta kutakuja kwenyewe. Alifanya zoezi hilo kila siku akiwa mzima, kwa sababu ujuzi unaojaribiwa kwa mara ya kwanza katikati ya shambulio haupatikani.

Alipewa pia feni ndogo ya mkononi, na aliitazama kwa dharau. Utafiti mmoja wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2010 ulihusisha wagonjwa 50, na upepo wa feni ulioelekezwa usoni kwa dakika 5 ulipunguza hisia ya kukosa pumzi kuliko ulioelekezwa mguuni. Inaelekea neva za mashavu na pua hupeleka ubongoni habari kwamba hewa inapita. Kinyume chake, oksijeni aliyokuwa akiitamani kuwa nayo nyumbani haingemfaa maadamu damu yake ina oksijeni ya kutosha. Utafiti wa kimataifa wa mwaka 2010 wenye washiriki 239 waliopungukiwa pumzi bila upungufu mkubwa wa oksijeni haukuona tofauti kati ya oksijeni na hewa ya kawaida iliyopitishwa kwenye mirija ya puani. Mfuko wa karatasi, ambao jirani mmoja aliupendekeza, ulikatazwa kabisa: kupumua ndani yake kunapunguza oksijeni na kuongeza kabonidioksidi kwa mtu ambaye ameshawahi kulazwa kwa sababu hizohizo.

Mawazo yalishughulikiwa na muuguzi wa kifua aliyefunzwa tiba ya kisaikolojia inayohusu mawazo na mienendo, kwa vikao 4. Uamuzi huo una msingi: katika jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 2018, wagonjwa 279 wa COPD wenye wasiwasi walipewa ama vikao vya namna hiyo na wauguzi wa kifua au vijitabu, na baada ya miezi 3 alama za wasiwasi kwenye HADS zilishuka kwa 3.4 kwa kundi la kwanza na 1.9 kwa la pili. Si tofauti ya kustaajabisha, wala si kila jaribio la tiba za kisaikolojia kwa wagonjwa hawa limefanikiwa, na anayemwahidi mgonjwa kwamba maongezi yataondoa hofu anamdanganya. Mzee hakuombwa aache kuogopa. Aliombwa aandike mashambulio yake: saa ngapi, alikuwa anafanya nini, lilidumu dakika ngapi. Baada ya wiki 3 daftari lilionyesha mashambulio 11, na karibu yote yalikuwa yamepungua makali ndani ya dakika 10 akifuata utaratibu wake. Wazo la "nitakufa" halikushindwa kwa hoja; lilishindwa kwa mwandiko wake mwenyewe.

Bafu lilirudiwa kwa ngazi. Kwanza aliingia na kuketi kwenye stuli akiwa amevaa nguo, mlango wazi. Kisha alioga miguu. Kisha maji ya uvuguvugu mwili mzima, dirisha wazi, kila kitu kikiwa juu ya rafu ili asiiname. Komeo liliondolewa, jambo ambalo binti yake alisema lingefanywa mwaka mmoja kabla kama kuna mtu angeuliza. Sambamba na hayo alihudhuria utengamao wa mapafu, vikao 2 kila wiki kwa wiki 8, vyenye kutembea, kusimama na kuketi mara nyingi, na kunyanyua uzito mdogo. Kama ningeruhusiwa kumpa tiba moja tu, ningechagua hiyo, kwa sababu huko mgonjwa anahema kwa makusudi, mbele ya watu wanaojua wanachokifanya, anaona kwamba kuhema kuna mwisho, na miguu yake inapata nguvu wakati huohuo.

Swali la dawa ya kutuliza wasiwasi ya kutumia muda mrefu lilijadiliwa. Sertraline na mirtazapine, ambazo ni dawa za sonona, zimejaribiwa kwa ajili ya kupungukiwa pumzi kwenyewe na hazikusaidia, matokeo ya utafiti mkubwa wa mirtazapine yakitoka mwaka 2024. Lakini kutosaidia pumzi si sawa na kutosaidia ugonjwa wa wasiwasi au sonona ukiwa umethibitishwa, na madaktari huchanganya mambo hayo mawili. Tulikubaliana kusubiri hadi mwisho wa utengamao.

Binti

Nilichelewa kumuuliza yeye analalaje. Alikuwa halali. Kwa miezi 8 alikuwa anasikiliza pumzi za baba yake kupitia ukutani, na shambulio likianza, uso wake ndio kitu cha kwanza ambacho baba alikiona. Hofu inaambukizwa kwa uso kuliko kwa maneno, na mzee alisema waziwazi kwamba mara nyingine alijua yuko hatarini kwa kumtazama mwanawe. Karatasi ya mpango iliandikwa kwa ajili ya wote wawili, kwa herufi kubwa, ikibandikwa jikoni. Upande mmoja ulikuwa na utaratibu wa shambulio la kawaida: keti, inama, toa, feni, salbutamol kwa spesa kama ilivyoelekezwa, tazama saa. Upande wa pili ulikuwa na mambo yasiyosubiri: shambulio lisilopungua kwa utaratibu huo, makohozi yaliyobadilika rangi au kuongezeka, homa, maumivu makali ya upande mmoja wa kifua, midomo kugeuka bluu, usingizi usio wa kawaida au kuchanganyikiwa. Chini kabisa binti aliandika mwenyewe kwa kalamu nyekundu: akinyamaza ghafla, usifurahi.

Baada ya wiki 12 hewa ya sekunde ya kwanza ilikuwa asilimia 41, yaani mapafu yalikuwa yaleyale. Umbali wa kutembea kwa dakika 6 ulikuwa umetoka mita 240 hadi 285, alama za GAD-7 zilishuka hadi 8, na salbutamol ilikuwa mara 4 au 5 kwa siku. Dawa ya wasiwasi haikuanzishwa. Aliendelea kupata mashambulio, mawili au matatu kwa wiki, na aliendelea kuoga mlango ukiwa umeegeshwa tu, jambo ambalo hakuna aliyeona sababu ya kulirekebisha.

Mwezi wa 7 binti alipiga simu kliniki saa mbili asubuhi. Alisema makohozi ya baba yamekuwa ya kijani tangu jana, ana homa, ametoa pumzi kwa utaratibu kwa dakika 30 na haijapungua, na kwamba tayari wako njiani. Nyuma ya sauti yake mzee alisikika akimwambia asisahau kusema kwamba oksijeni ni 88.